Kabla Useme "Hawapendi Shule"

Wasee, leo sina kichekesho. Kama ulikuja kucheka, pita tu, kesho kitakuwepo. Leo kuna kitu kimenikaa kooni tangu Januari na lazima nikitoe.

Wiki jana kuna video ilinipitia kwa simu. Wanawake wa Kihimba, kule kaskazini magharibi mwa Namibia, ngozi nyekundu kwa ule mchanganyiko wa mafuta ya siagi na udongo mwekundu wanaouita otjize. Nyuma yao kuna katoto na mbuzi. Nikashuka kwa komenti, na nyingi zilikuwa za Wakenya. "Hawa watu hawapendi shule." "Mwaka wa 2026 na bado mtoto anachunga mbuzi?" Mwingine eti washikwe wapelekwe kwa nguvu. Huyo ndiye alipewa mioyo mingi kuliko wote.

Nilianza kucheka, halafu nikaacha. Nilikuwa nimekaa kwa mawe, bichi moja hapa Rusinga, saa nne asubuhi, Jumanne, siku ya shule kabisa. Hatua kama kumi mbele yangu kulikuwa na vijana watatu wakishona nyavu za omena. Mmoja wao ni binamu yangu. Ana miaka 15.

Sasa wacha niwaambie kitu ambacho sijawahi kukiweka hapa.

Mnajua nilitoka chuo mwaka wa pili. Nimewaambia mara mia. Chenye sijawahi kuwaambia ni venye nilitoka. Sikufeli na sikufukuzwa. Karo ya muhula ilibaki, mkopo haukufika kote, kodi ya chumba ikafika, na siku moja nikapanda matatu ya kurudi nyumbani nikijiambia ni wiki mbili tu. Hizo wiki mbili sai ni karibu miaka miwili. Lakini kwa mtandao nilisema niliamua. Nikatengeneza ile video, mnaijua, nikasema shule ni pata potea, karatasi haiwezi kukulisha, niangalie mimi najiajiri. Wengi wenu mlianza kunifuata kwa sababu ya hiyo video. Ukweli ni kwamba niliona aibu, nikaivalisha aibu suti, nikaiita uamuzi.

Mwaka jana binamu yangu alifanya mtihani wa Gredi ya 9. Ni wale watoto wa kwanza wa mtaala mpya, wale ambao kila kitu kinajaribiwa juu yao. Akapita vizuri. Akaitwa shule ya bweni upande wa mbali wa kaunti. Januari ikafika, barua ikaja na orodha yake: karo, sanduku, godoro, sare, viatu. Hakuenda. Mama yake, ambaye kwangu ni mama mdogo, akanituma niongee naye, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na "anakuskiza wewe."

Nikamwambia, "Omera, rudi shule."

Hakuinua macho kwa wavu. "Brathe, si ni wewe ulisema ni pata potea?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kushona.

Ndiyo maana zile komenti za Wahimba ziliniuma. Mtu yeyote angepita hapa na simu, akampiga picha binamu yangu na nyavu zake saa nne asubuhi, angeandika vilevile: hawa hawapendi shule. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimempa sababu ya kuonekana hivyo.

Tuanze na Wahimba wenyewe, kwa sababu nilienda kusoma habari zao na nikajiona ndani. Hawa ni wafugaji wa mkoa wa Kunene. Ng'ombe wanafuata nyasi na maji, na familia inafuata ng'ombe. Namibia iliondoa ada ya shule ya msingi mwaka 2013, na ya sekondari mwaka 2016. Kwa karatasi, shule ni bure. Lakini shule imesimama mahali pamoja na ng'ombe hawasimami. Kwa hiyo mzazi anachagua: amwache mtoto bwenini mbali, au ahame naye bila shule. Halafu shule nyingi zilitaka mtoto aje amenyolewa, amevaa sare. Kwa Wahimba nywele zinasema wewe ni nani. Msichana mdogo ana misuko miwili inayokuja mbele, mvulana ana mmoja unaoenda nyuma, na ukikua unabadilisha. Sasa unamwambia mama: mlete mtoto, lakini kwanza toa kila kitu kinachoonyesha ni wako.

Mwisho wa miaka ya 1990, kwa msaada wa watu wa Norway, zikaanzishwa shule za mahema huko Kunene. Mwalimu anaenda walipo wafugaji, hema linasimamishwa, masomo yanaanza, na familia zikihama shule inaweza kuhama. Watoto ambao hawangeingia darasani wakaingia. Wazazi ni walewale na ng'ombe ni walewale. Shule ndiyo ilisonga kidogo.

Najua mtaniambia Rusinga si Kunene. Ni kweli. Tuna daraja hadi Mbita, hatungojei boti kama watu wa Remba au Ringiti. Shule za msingi ziko, unazisikia kengele zikilia. Elimu ya msingi bila malipo ilikuja Januari 2003, sekondari ya kutwa bila malipo ya masomo ikaja 2008, na serikali imepanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Bure na ya lazima, yote mawili.

Sasa njoo ukae na mama mdogo kwa meza tuhesabu.

Viwango vya serikali kwa shule nyingi za bweni vimekuwa shilingi 40,535 au 53,554 kwa mwaka, kutegemea aina ya shule. Karo inagawanywa 50:30:20, nusu yake muhula wa kwanza. Chukua ile ya chini kabisa: ni zaidi ya elfu ishirini, Januari, kabla hujanunua godoro. Mama mdogo anauza omena kwa gorogoro. Fanya hesabu ni gorogoro ngapi, halafu kumbuka huyo mtoto ana wadogo zake watatu.

Na kuna kitu ambacho hata mimi, mtoto wa hapa, sikuwa nimewahi kukiangalia mpaka nilipokaa na kalenda. Shule ina kalenda yake na ziwa lina yake.

Omena wanavuliwa usiku kwa taa. Unaenda giza, unawasha taa juu ya maji, omena wanaifuata, unawazungushia wavu. Mwezi ukijaa, taa yako haina kazi, maji yote yanang'aa, kwa hiyo boti nyingi zinakaa siku kadhaa. Pesa ya hapa inakuja na giza na kupotea na mbalamwezi. Halafu juu ya hiyo, kila mwaka kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, uvuvi wa omena unafungwa upande wa Kenya ili samaki wazaane. Sheria ni nzuri, sina shida nayo. Bila hiyo tutakula mawe. Lakini chukua kalenda ya shule uiweke kando yake. Muhula wa pili unafunguliwa mwisho wa Aprili na unaisha karibu Agosti ikianza. Yaani muhula wote wa pili, na asilimia 30 yake ya karo, unakaa ndani ya ile miezi minne ambayo mama mdogo hana omena wa kuuza. Barua ya shule inasema lipa kabla ya kufungua. Ziwa linasema subiri Agosti.

Hakuna mtu mbaya hapo. Aliyepanga mihula hakuwa anafikiria omena, na aliyefunga ziwa hakuwa anafikiria karo. Lakini mtoto anayerudishwa nyumbani kuleta karo mwezi wa sita anarudi bichi, na akikaa wiki mbili bichi anapata kakazi, na akipata kakazi, si rahisi tena kumrudisha kwa dawati. Ndivyo watoto wa ziwa wanavyopotea darasani. Wanatoka kidogo kidogo, muhula kwa muhula, mpaka siku moja mwalimu anaruka jina lao kwa rejista.

Mtasema: si aende shule ya kutwa basi, ni bure. Sawa. Masomo ni bure. Chakula cha mchana si bure. Pesa ya hiki na kile haikosi. Mtoto anaondoka asubuhi na chai kavu, anakaa mpaka saa kumi, na njiani anapita wenzake waliotoka ziwani alfajiri na mia tatu mkononi na mboga ya kupeleka nyumbani. Usiku mzuri ni mia sita. Mwambie mvulana wa miaka 15 mwenye njaa kwamba Fizikia itamlipa mwaka 2035. Mwambie akiangalia mama yake.

Nairobi, tangu 2023, kuna mpango wa Dishi na County, mtoto wa shule ya umma analipa shilingi tano anakula. Nafurahia hao watoto, kabisa. Lakini omena inatoka wapi? Inaanikwa hapa, mtoto anaipita akienda shule na tumbo tupu.

Kwa wasichana hesabu ni mbaya zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba Homa Bay, wasichana 23 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Migori ni hivyohivyo, 23. Wastani wa nchi ni 15. Watu wazima wakisoma hiyo namba wanaanza kuhubiri tabia. Sisi tuliokulia bichi tunajua neno jaboya, mvuvi anayempa mwanamke samaki wa kuuza na anataka malipo ambayo si pesa tu. Hiyo biashara haingoji mtu amalize shule. Msichana anayekosa pesa ya pedi na ya chakula yuko karibu sana na mtu aliye na zote mbili. Mwongozo wa serikali wa 2020 unasema akijifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Vizuri. Nani anashika mtoto?

Halafu kuna bei moja ambayo hailipwi kwa pesa. Dani yangu ni Msuba. Wazee wa Abasuba walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda vizazi vingi vilivyopita, na lugha yao, Olusuba, iko karibu na lugha za kule kuliko na Dholuo. Shule na kanisa vilipokuja, vitabu vilikuwa vya Dholuo. Mtoto akaombea kwa Dholuo, akasomea kwa Dholuo, baadaye Kiingereza, na Olusuba ikabaki ya wazee na matanga. Sai UNESCO inaihesabu kati ya lugha zilizo hatarini. Kule Mfangano kuna redio ya EK inayotangaza kwa Olusuba, na dani akiisikia anaongeza sauti mpaka majirani wanajua. Mimi nikisikiliza naelewa salamu tu. Nina Dholuo, Kiswahili, Kiingereza na hii Sheng yenu, lakini lugha ya dani yangu sina.

Kwa hiyo mzazi wa Kihimba akiiangalia shule mara mbili kabla ya kumpeleka mtoto, simcheki. Anajua kuna kitu kitaombwa. Dani mwenyewe anajua shule ilichukua nini kwake, na bado ndiye aliyeuza mbuzi nikaingia chuo. Mtu akifanya hivyo, usiniambie hapendi shule.

Sasa tufike kwa Mboya, kwa sababu kila nikiongea mambo ya shule kuna mtu wa hapa ananiandikia: "Lakini Tom Mboya hakumaliza na akakuwa Tom Mboya." Rusinga kila mtu ni binamu ya Mboya, hiyo tumezoea. Amezikwa hapa, kaburi lake tunalipita. Na ni kweli hakumaliza. Alikuwa Mang'u, akili ipo, na baba yake akaishiwa na karo kabla ya mtihani wa mwisho. Akaenda kusomea kazi ya ukaguzi wa afya Kabete kwa sababu huko angeweza. Chuo cha Ruskin, Oxford, kilikuja baadaye, mwaka 1955, tayari akiwa kiongozi wa wafanyakazi.

Mimi pia nilikuwa natumia hiyo hadithi. Iko kwa ile video yangu, dakika ya pili. Lakini nilikuwa naikata katikati. Huyu mtu aliyekosa karo alifanya nini alipopata sauti? Mwaka 1959 alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo na pesa za nauli, na Septemba hiyo ndege ikaondoka na wanafunzi 81. Hadi 1963 walikuwa wameenda mamia. Wangari Maathai alienda Kansas mwaka 1960 kupitia mpango huohuo. Mboya aliuawa Julai 5, 1969, akiwa na miaka 38, na kufikia hapo kulikuwa na watu kila ofisi ya nchi hii waliosoma kwa sababu mtoto mmoja aliyekosa karo hakusahau inavyouma.

Angeweza kusema shule ni pata potea. Alikuwa na ushahidi, alikuwa yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa na sauti ndogo sana, simu na bando, na hivyo ndivyo niliitumia.

Sasa ninataka nini? Sitaki tuandike "serikali iingilie kati" halafu tulale. Nataka vitu vitatu, na vyote vinawezekana.

Kwanza, karo ya watoto wa ziwa ifuate ziwa. Shule za hapa zikubali mzazi wa omena alipe kuanzia Agosti, wakati boti zimerudi majini, na mtoto abaki darasani Mei hadi Julai bila kutumwa nyumbani. Kamati za bichi zinajua nani anavua na nani anauza, zinaweza kuthibitisha. Hiyo haihitaji bajeti mpya. Inahitaji mkuu wa shule na mwenyekiti wa bichi wakae chini ya mti mmoja.

Pili, chakula. Mtoto akijua kuna sahani saa saba, nusu ya ile vita ya bichi imeisha. Kaunti mbili zinazopakana na ziwa lenye samaki haziwezi kushindwa na sahani ya ugali omena.

Tatu, mlango wa kurudi. Kijana aliyekaa nje muhula mmoja, au msichana aliyejifungua, akirudi asipewe adhabu wala mkutano wa kuulizwa maswali mbele ya watu. Apewe kiti.

Na kwako wewe unayesoma hii ukiwa Nairobi, Kisumu au Mombasa: siku nyingine ukiona mtoto na mbuzi, au mtoto na wavu, kabla useme hawapendi shule, uliza kwanza huko shule ni pesa ngapi, na ni nini kingine kinaombwa. Kama una ukurasa wako na uliwahi kusema kama nilivyosema mimi, jua kuna mtu wa miaka 15 alikuamini.

Ile video nimeifuta leo asubuhi. Najua imeshapakuliwa, siwezi kuifuta kwa simu zenu.

Jana jioni nilirudi kwa binamu. Mwezi ulikuwa mkubwa, boti hazikuenda, kwa hiyo alikuwa na muda. Nikamwambia ukweli wote, venye nilitoka chuo, zile wiki mbili, aibu. Nikamwambia kuna shule ya kutwa tumeongea nayo na mama yake, uhamisho unaweza kufanyika, na chakula chake cha mchana nitalipa mimi kwa pesa ya hizi video zenu. Aprili 1 ziwa la omena linafungwa, kazi hana, na mwisho wa mwezi huohuo shule zinafunguliwa. Asipoingia hapo sijui ataingia lini.

Alinyamaza kwa muda mrefu, akitupa mawe kwa maji. Halafu akaniuliza, "Na wewe? Utarudi lini?"

Nikasema Septemba. Sijui pesa itatoka wapi, lakini nimesema. Na sasa nyinyi wote mmenisikia.